Kutoka Pima Hadi Sentimita: Shajara ya Kuuza Vikapu vya Jambiani Mtandaoni

14 Januari 2024, Jumapili

Leo naanza. Wiki iliyopita nilipita Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nikaona kikapu cha ukindu, yaani majani ya mkindu, chenye mistari ya zambarau kimetundikwa mlangoni mwa duka. Nikakigeuza niangalie chini, pale ukili, ule utepe uliosukwa, unapoanza kujizungusha. Mwanzo wake ulikuwa na fundo dogo lililorudishwa ndani, huwezi kuliona mpaka ulitafute kwa kidole. Namjua mtu mmoja tu anayeanza kazi hivyo, naye ni bibi yangu wa Jambiani. Nikauliza bei. Shilingi 35,000.

Jioni nikampigia bibi. Shikamoo, marahaba, habari za huko, mvua vipi. Kisha nikamuuliza mchuuzi anampa ngapi kwa kikapu kimoja. "Elfu nane, mjukuu wangu. Akija na haraka, elfu saba."

Sina ugomvi na mchuuzi. Ana nauli yake, na mwenye duka ana kodi yake. Lakini ndani ya kile kikapu mna siku za bibi, na siku hizo hakuna aliyewahi kuzihesabu, hata bibi mwenyewe. Mimi nina simu yenye kamera nzuri, na nina wateja kadhaa wa Dar es Salaam waliozoea kununua kanga kwangu kwa WhatsApp. Nataka kujaribu kuuza kazi za ukili moja kwa moja kutoka kwa msukaji: vikapu, misala ya kuswalia, kawa za kufunikia chakula, mikeka midogo. Wasukaji ni sita: bibi, mama mdogo, shangazi na majirani watatu. Shajara hii naiandika ili wakiniuliza pesa imekwenda wapi niwe na jibu kwenye karatasi, na ili mwingine mwenye bibi anayesuka apate pa kushika.

20 Januari

Nimepanda gari la 309, la Jambiani, alfajiri. Siku nimeichagua kwa mwezi. Wanawake wa Jambiani wengi wanalima mwani, na wakati wa bamvu, maji yakitoka mbali asubuhi, huwakuti nyumbani, wako baharini na kamba zao. Maji mafu, yasipotoka mbali, ndiyo siku za kukaa barazani na kusuka. Mtu wa mjini akija siku ya bamvu akakuta nyumba tupu hudhani watu hawataki kazi.

Nimekaa na bibi toka saa mbili mpaka adhuhuri, daftari mapajani. Nilikuja na wazo la kuuliza kikapu kimoja kinachukua siku ngapi. Swali hilo halikumwingia. Bibi hahesabu siku, anahesabu pima. Alishika ncha ya ukili kwa vidole vya mkono wa kulia, akanyoosha mikono yote miwili mpaka kifua kikafunguka, akasema "moja", akahamisha vidole, akanyoosha tena, "mbili". Shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima moja. Kikapu cha sokoni ni pima tisa za ukili wa vidole viwili. Mkeka wa kulalia unataka ukili mpana zaidi na pima nyingi zaidi ya hizo.

Nikatoa futikamba, nikampima pima yake: sentimita 158. Shangazi akaja akanyoosha yake: 171. Tulicheka, lakini nimeandika namba hizo kwa sababu nahisi zitarudi.

Kisha nikawasha saa ya simu. Pima moja ya ukili, miyaa, yaani majani ya ukindu, ikiwa imeshachanwa na kutiwa rangi tayari, ilimchukua bibi saa moja na dakika 50, na humo alisimama mara mbili tu, kugeuza samaki na kumjibu mtoto. Pima tisa ni saa 16 na nusu. Kushona, yaani kuuzungusha ukili na kuunganisha kingo kwa sindano na mwaa uliochanwa mwembamba, ni saa tano. Kukata ukindu mchanga kabla haujafunguka, kuuanika, kuuchana kwa ukucha na kisu, kuuchemsha na rangi ya unga, kuuanika tena: ukigawa kwa idadi ya vikapu, saa tatu na nusu kwa kimoja. Jumla saa 25.

Elfu nane, toa 2,500 ya ukindu na rangi, inabaki 5,500. Gawa kwa 25. Shilingi 220 kwa saa.

Nilimsomea bibi. Akanyamaza kidogo, akaendelea kusuka. Baadaye shangazi alipoketi, bibi akaniambia, "Mwambie na huyu ile hesabu."

Bei tuliyokubaliana ni 45,000, na tumeigawa mbele ya wote: msukaji 22,000, fundi wa ngozi anayetia mikono ya kushikia 7,000, boksi 2,000, mfuko wa kikundi 3,000, bando na ada za miamala 5,000, mimi 6,000. Kwa mgao huo, ukitoa 2,500 ya ukindu na rangi, bibi anapata 780 kwa saa. Si utajiri. Lakini kuanzia sasa bei inatoka kwenye pima, haitoki kwenye haraka za mtu mwingine.

3 Februari

Picha. Nimepoteza siku mbili nzima kwa zambarau. Kwenye jua la saa sita simu inaigeuza bluu, na ndani ya nyumba chini ya taa inakuwa kahawia. Mwisho nimegundua mahali pamoja tu panapoonyesha rangi kama jicho linavyoiona: kwenye baraza la bibi, kivulini, saa mbili asubuhi, kikapu kikiegemea ukuta wa chokaa. Weupe wa chokaa unaisaidia kamera. Tangu hapo kila picha napiga hapo hapo, na pembeni ya kikapu naweka chupa ya maji ya lita moja na nusu, kwa sababu chupa hiyo kila mtu ameishika na anaijua ukubwa wake.

Video moja ya sekunde 40: mikono ya bibi ikisuka. Nilimwomba nionyeshe na uso. Akasema, "Mikono tu." Basi ni mikono tu, na nimewaeleza majirani kwamba uso wa mtu hautaingia mtandaoni bila yeye kusema ndiyo mwenyewe. Chini ya video nimeandika: pima tisa, saa 25. Hakuna maneno ya kusifu.

Nimeangalia pia masoko ya nje. Etsy inatoza senti 20 za dola kuweka bidhaa moja kwa miezi minne, kisha asilimia 6.5 ya mauzo, na nauli ya kusafirisha inahesabiwa humo. Ada hizo ningezibeba, ila mfumo wake wa malipo haulipi kwa muuzaji aliyeko Tanzania, na akaunti ya PayPal ya Tanzania inatuma pesa, haipokei. Nimeona watu wanaotumia akaunti ya ndugu aliyeko Ulaya. Sitaki pesa ya bibi ipite kwenye jina la mtu asiyemjua. Tutaanza na WhatsApp na Instagram, malipo kwa simu, na walio nje watume kwa kampuni za kutuma fedha nipokee Darajani.

12 Februari

Oda nne kwa siku moja, na mwezi umeandama juzi tu: bamvu. Hakuna msukaji nyumbani. Wateja wawili wanataka "kesho kutwa". Nimewajibu ukweli, kwamba kazi inafuata maji, muda ni siku 14. Mmoja ameondoka. Mwingine ameuliza bamvu ni nini, tukazungumza robo saa, akalipa.

Nimetundika kalenda ya mwezi ukutani. Oda zinazoingia karibu na maji mafu naziahidi siku 10, zinazoingia bamvu siku 14.

21 Februari

Vikapu saba vimeshakwenda Dar. Swali linalojirudia kwa wateja wa huko ni kama hivi ni vikapu vya Iringa. Najibu kila mara kwa urefu, maana ni kazi mbili tofauti kabisa na zote zinastahili heshima yake. Vya Iringa ni vya milulu, aina ya nyasi, vinasokotwa kuanzia kitako kwenda juu, ni vigumu, vinasimama vyenyewe. Vyetu vinaanza kwa kusuka utepe mrefu, ukili, halafu ndio utepe unazungushwa na kushonwa. Ndiyo maana chetu kinalegea mkononi na kinakubali kujaa kupita kiasi.

Leo malalamiko ya kwanza. Mteja wa Mikocheni: "Dada, tangazo limeandika kimo sentimita 30. Nimepima 27." Amepima sawa. Kikapu hicho si cha bibi, ni cha jirani mmoja mwenye kiganja kidogo. Nilikuwa nimepima kikapu cha bibi, nikaandika namba moja kwa vikapu vyote, kana kwamba shibiri ya kila mtu ni moja. Nimemrudishia mteja 5,000, akaridhika.

Ijumaa nitakwenda Jambiani na suala hili.

24 Februari

Nimekwenda. Mama mdogo alichonga ufito, akauwekea alama mbili kwa kisu, moja kwenye sentimita 30 ya kimo, nyingine kwenye 35 ya upana wa kitako. Akatengeneza fito sita, moja kwa kila msukaji.

Bibi aliukataa wake. Alisema mkono wake ndio kipimo chake toka alipofunzwa na mama yake, na kikapu hakijawahi kumkosa mtu. Sikubishana naye, hana kosa. Kikapu chake hakikumkosa mtu kwa sababu mnunuzi alikuwa anakishika kabla ya kulipa. Anayenunua kwa simu hana mkono wa kushikia, ana namba tu.

Shangazi ndiye aliyepata njia. Ukili uendelee kupimwa kwa pima, kila mtu kwa mikono yake, kama zamani. Ufito utumike mara mbili tu wakati wa kushona: kitako kikifika alama ya 35 ndipo unapoanza kupandisha ukuta, na ukuta ukifika alama ya 30 ndipo unapofunga mdomo. Ukili ukibaki unaingia kwenye kazi nyingine, ukipungua unasukwa kidogo. Bibi akasema hilo linawezekana. Nami kwenye maelezo sasa naandika "kimo kati ya sentimita 29 na 31", maana ukindu ni jani na hauwezi kuahidi zaidi ya hapo.

9 Machi

Ramadhani inaingia siku chache zijazo. Nimepata ujumbe wa sauti kutoka Maskati, dada ambaye familia yake ilitoka Unguja, na Kiswahili chake ni kile cha mjini cha wazee wetu. Anataka kawa nne, misala sita na vikapu viwili. Kawa alizieleza kwa upendo mpaka nikasikiliza ujumbe mara tatu: kwao, alipokuwa mdogo, kila sahani ya futari ilifunikwa kawa yake, na walijua kilichomo kwa rangi ya kawa kabla haijafunuliwa. Amelipa nusu mbele.

Wasukaji wamefurahi kuliko oda zote zilizotangulia. Bibi ameomba kuzifanya kawa zote nne yeye mwenyewe.

Nahofia jambo moja. Masika yameanza kunukia. Ukindu hauanikiki.

27 Machi

Mzigo wa Maskati umeondoka. Hapa nimejifunza kitu ambacho ningependa kila msukaji akijue kabla hajaahidi nauli kwa mteja. Wanaosafirisha kwa ndege hawatazami mizani peke yake. Hupima boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wakagawa kwa 5,000, na namba inayotoka ndiyo kilo, kama imezidi uzito wa kweli. Kikapu changu kina gramu 600 na kitu. Boksi lake ni 35 kwa 35 kwa 30. Fanya hesabu: kilo 7.35. Unalipia hewa iliyomo ndani ya kikapu.

Misala niliiviringisha pamoja, kawa niliziingiza moja ndani ya nyingine, hizo hazikunisumbua. Vikapu viwili ndivyo vilivyobaki. Nikaona njia nyepesi: ukindu ukilowa unalainika. Nikavinyunyizia maji, nikavikunja polepole vikawa bapa kama bahasha bila kupasuka hata mwaa mmoja, nikaviweka juani saa chache, vikaonekana vikavu. Nikavizungushia nailoni pamoja na msala mmoja ili visipate mvua njiani. Boksi likapungua zaidi ya nusu. Nimerudi nyumbani nimefurahi.

8 Aprili

Picha kutoka Maskati. Kawa nne ziko salama, misala mitano salama. Vikapu viwili na msala mmoja vimeota kuvu. Nimeikuza picha kwa vidole: madoa meusi yamefuata mstari wa mkunjo, na kwenye zambarau kuna unga wa kijivu kama vumbi la jivu. Hakuandika neno baya. Aliandika, "Nimesikitika kwa kazi ya bibi."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonichoma. Bibi hakukosea. Kosa ni langu, niliyeweka maji kwenye kazi iliyokwisha kukaushwa, nikayafungia ndani ya nailoni.

Nimemrudishia 120,000, vikapu viwili na msala. Wasukaji malipo yao wamepata yote, hiyo haiguswi. Kwa sehemu yangu ya 6,000, ni vikapu 20 nitakavyouza bila kupata kitu.

Nikampigia bibi, nikamweleza kila kitu, maana angekuja kusikia kwa mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ulikikunja kina maji?" Ndiyo, bibi. "Ukindu si nguo. Nguo ukavu wake uko juu. Ukindu ukavu wake uko ndani." Akaniuliza kama nimewahi kumwona anaweka wapi ukindu wake wakati wa masika. Nimeuona toka utotoni: juu ya jiko, umefungwa mafungu, moshi ukipita. Nilidhani ni kuukinga na watoto.

Idi ni baada ya siku mbili. Sitaposti kitu mpaka ipite.

5 Mei

Kimbunga Hidaya kimepita pwani. Boti za Dar zilisimama, na vikapu vitano vilivyokuwa tayari viko chumbani kwangu. Nimewaandikia wateja wote watano mmoja mmoja. Kuta zinatoa jasho. Kila kikapu kimekaa juu ya kiti chake mbali na ukuta, na asubuhi navinusa kimoja kimoja.

13 Mei

Toka jana intaneti ni ya kubahatisha. Habari zinasema nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika. Picha haipandi, WhatsApp inazunguka tu. Kama namba za wateja zingekuwa ndani ya programu peke yake, leo nisingekuwa na biashara. Ninazo kwenye daftari. Nimewapigia simu za kawaida, nikawatumia ujumbe mfupi, na oda mbili zimeingia kwa njia hiyo hiyo, za watu waliokwisha kuona picha zamani. Malipo ya simu yamefanya kazi.

15 Juni

Mvua zimekatika, kipupwe kimeingia. Wiki tatu nimezitumia kwa jambo moja: kujua kikapu kimekauka lini, bila kubahatisha kwa jicho. Jicho ndilo lililonidanganya Machi.

Nimenunua mizani ndogo ya jikoni. Kikapu kipya cha mama mdogo, kilichoshonwa jana yake, nilikipima kila siku baada ya alasiri, kikikaa kivulini penye upepo. Siku ya kwanza gramu 640. Ya pili 612. Ya tatu 603. Ya nne 601. Ya tano 601. Maji yanatoka mpaka yanapokwisha, na yakishakwisha uzito unasimama. Nimerudia kwa vikapu vinne vingine. Kila kimoja kilisimama kwenye namba yake, kimoja 588, kingine 655, lakini vyote vilisimama. Kile kilichokuwa na 603 siku ya tatu, mtu yeyote angekishika angekuapia kwamba kimekauka.

Sheria sasa: hakuna kitu kinachoingia kwenye boksi kabla mizani haijatoa namba moja siku mbili mfululizo. Hakuna nailoni, ni karatasi ya kaki. Ndani naweka vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Muuza viatu jirani yangu ananiwekea.

Na hakuna kukunja tena. Suala la hewa nimelimaliza kwa njia nyingine, na wazo lilitoka kwenye zile kawa zilizofika salama. Tunafanya vikapu vitatu, kikubwa, cha kati na kidogo, vinavyoingia kimoja ndani ya kingine. Boksi ni lile lile moja, kilo 7.35 zile zile za hesabu, lakini nauli inabebwa na vikapu vitatu. Majirani wameshaipa seti jina: mama na wana.

20 Julai

Mwezi wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya kule Makunduchi. Nusu ya wasukaji wana ndugu Makunduchi, kazi imelegea, na ni haki yao.

Hoteli moja imeniandikia: vikapu 60 vinavyofanana, kwa mwezi mmoja na nusu, kwa 15,000 kimoja. Sikujibu. Nimekwenda Jambiani na daftari tukakaa wote saba.

Saa 25 mara 60 ni saa 1,500. Wanawake sita wakisuka saa tano kila siku ni siku 50 bila kupumzika, bila mwani, bila msiba wala harusi. Na baada ya ukindu na rangi, saa moja ni shilingi 500, ngozi na boksi havijaguswa.

Jirani mmoja alitaka tukubali. Alisema, na alisema kwa uchungu, kwamba 780 ya mtandaoni ni tamu lakini inakuja kikapu kimoja kimoja, na ada ya mwanawe haiji hivyo. Hakuna aliyemjibu haraka. Mimi mwenyewe sikuwa na jibu. Pesa ya uhakika nayo ina thamani yake, na mwenye mtoto shuleni anaijua kuliko mimi.

Tulizunguka hapo mpaka alasiri. Mama mdogo akaleta kitandio cha sahani alichoshona kwa masalio ya ukili, cha duara, upana sentimita 30. Tukakihesabu: pima moja na nusu, saa mbili na dakika 45 za kusuka, dakika 45 za kushona. Saa tatu na nusu. Msukaji akilipwa 3,000, ukitoa ukindu na rangi ya 200, inatoka 800 kwa saa ya kusuka na kushona. Hoteli tukawaandikia: vikapu 60 kwa bei hiyo hatuwezi, na hesabu hii hapa ya kwa nini. Vitandio vya sahani, 4,000 kimoja, vipo, siku 20.

27 Julai

Wameagiza vitandio 80. Yule jirani nimempa 20 vya kwanza, na malipo ya mbele ameyachukua yeye. Wote walikubaliana hivyo kabla sijauliza.

24 Agosti

Toka Januari: vikapu 61, na 1,342,000 zimefika mikononi mwa wasukaji kwa vikapu peke yake. Mfuko wa kikundi umekusanya 183,000, na humo umeshanunua sufuria kubwa ya kuchemshia rangi, ili wasiazime tena ya shughuli. Deni langu la kuvu limekwisha Juni.

Binti wa jirani, miaka 14, ameanza kukaa na bibi baada ya chuo cha Kurani. Ukili wake unakwenda upande, ukingo mmoja umelegea. Bibi anaufumua, anamrudishia miyaa ile ile, anamwambia anza. Jana nilihesabu, ameufumua mara tatu. Mara ya nne aliusukuma ukili karibu na macho, akapitisha dole gumba ukingoni kwa urefu wa shibiri, akauachia bila kusema kitu. Mtoto akaendelea.

Dada wa Maskati ameandika tena. Anataka mama na wana, zambarau na kijani, na amesema hana haraka. Bibi ameshona kikubwa, shangazi cha kati, mama mdogo kidogo. Viko mezani kwangu juu ya mizani, vyote vitatu pamoja. Juzi gramu 1,431. Jana 1,422. Leo 1,418. Boksi liko wazi, karatasi iko tayari, na nitapima tena kesho baada ya alasiri.